Taamuli Ufukweni Kigera
Vijana wetu wa hapa Kigera, kando ya ziwa, wayaonapo katika simu zao mafundisho ya yoga, ya taamuli na ya mtu kuisemeza nafsi yake hata ikatii, aghalabu huyadhania kuwa mambo ya kigeni yasiyotuhusu, nami nasikitika, kwa maana Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Nyegina hapa jirani mwaka 1943, alikuwa na ada ya kwenda misa kila siku, na naamini kwa dhati kwamba saa ile ya ukimya ndiyo iliyomwezesha kustahimili mzigo wa taifa. Waislamu wa pwani nao wanazo dhikiri za tarika ya Kadiria, ambamo pumzi na jina la Mwenyezi Mungu huenda kwa mizani moja. Na Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa, aliwaagiza watu wajinenee maneno ya kheri mara 20, waamkapo na walalapo, wakihesabu kwa mafundo ya uzi, mithili ya wavutao tasbihi. Mwenye maradhi ya akili asiache hospitali kwa ajili ya haya, wala asimwamini auzaye utulivu kwa fedha nyingi. Lakini atakaye kuacha ulevi au hasira, na aketi asubuhi juu ya jabali pale ziwani, wakati dagaa wanapoanikwa, avute pumzi kwa pua hata tumbo litune, aitoe polepole kuliko alivyoivuta, na fikira ikikimbilia deni au ugomvi wa jana, airejeze kwenye pumzi bila ya kujilaumu, na kesho afanye vivyo hivyo.