Baba akihamia nyumba ya wazee Uingereza, mama anahesabiwaje?

Swali linalowakwamisha mama wengi wanaoishi Uingereza liko kwenye fomu ya mafao: je, unaishi na mwenza wako? Mumewe amehamia nyumba ya kulelea wazee. Akijibu "hapana", anaona kama ametangaza talaka. Basi fomu inabaki mezani, na watoto, wengine wako huku nyumbani, hawajui la kumshauri.

Si talaka. Ofisi ya mafao haiulizi habari za ndoa, inauliza habari za kaya. Wanandoa wanaoishi pamoja hupimwa pamoja, kipato cha mmoja ni cha wote. Mmoja akihamia huko moja kwa moja, kila mmoja hupimwa peke yake. Akienda wiki mbili tu ili mama apumzike, bado ni kaya moja.

Wengi wanaogopa kwamba mama atapunjwa. Mara nyingi ni kinyume chake. Pensheni ya baba iliyomfanya mama akose Pension Credit, posho ya wazee wenye kipato kidogo, haihesabiwi tena kwake. Ila lazima aombe, na malipo ya nyuma hayazidi miezi mitatu. Waliokuwa wakilipwa kama wanandoa nao watoe taarifa mapema, maana pesa iliyozidi hudaiwa.

Kodi ya halmashauri pia hupungua kwa asilimia 25 ikiwa mama ndiye mtu mzima pekee aliyebaki. Na nyumba? Thamani yake haiingizwi kwenye hesabu ya gharama za baba maadamu mkewe anaishi humo.

Penye mtego ni Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji msaada. Halmashauri ikilipia makazi ya baba, posho hiyo husimama baada ya siku 28, na posho ya anayemtunza husimama nayo. Familia ikilipa yenyewe gharama zote, baba huendelea kuipata.

Baba anaweza pia kumwachia mkewe nusu ya pensheni yake ya kazini, na halmashauri haitaigusa nusu hiyo. Lakini kwa mama itahesabiwa kuwa kipato, na inaweza kumpunguzia Pension Credit. Kabla ya kusaini, Age UK na Citizens Advice huwapigia hesabu hiyo bure.