UTI ni ya mtaa mzima

Katika zahanati na maduka yetu ya dawa mgonjwa mwenye homa na maumivu ya kiuno huambiwa mara nyingi moja kati ya mambo matatu: malaria, taifodi au UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Hilo la tatu likimwangukia mwanamke, huja na lawama. Hajisafishi vizuri, amekanyaga choo cha umma, au kuna mtu wa tatu katika ndoa. Ugonjwa hugeuka aibu ya mtu mmoja, naye huubeba kimyakimya hadi dirisha la duka la dawa. Nasema tumemshtaki asiyehusika. Bakteria wa UTI huzunguka mtaani kama wale wa kuhara, na mtaa ndio wenye uwezo wa kuwapunguza.

Kisababishi kikuu ni Escherichia coli, bakteria anayeishi utumboni mwa kila mmoja wetu. Aina nyingi zake hazina ubaya. Chache zina uwezo wa kujishikiza kwenye ukuta wa kibofu, na hizo zikitoka sehemu ya haja kubwa hufika kirahisi kwenye mrija wa mkojo wa mwanamke, ambao ni mfupi na uko jirani. Kinachomponza ni maumbile. Sasa, aina hizo ziliingiaje tumboni mwake? Kati ya Oktoba 1999 na Januari 2000, watafiti walichunguza bakteria wa wanawake waliougua UTI katika jumuiya ya chuo kikuu kimoja cha California. Karibu nusu ya bakteria waliokuwa sugu kwa antibiotiki ya septrini walikuwa wa ukoo mmoja, na ukoo huohuo ukapatikana Michigan na Minnesota, majimbo yaliyo mbali sana na hapo. Wanawake wa majimbo hayo hawakuchangia choo wala kitanda. Watafiti wakashuku chakula. Miaka michache baadaye, huko Montreal, bakteria wa wagonjwa walilinganishwa na wa nyama ya kuku wa madukani, na baadhi wakaonekana kuwa ndugu wa karibu mno.

Kwetu njia za bakteria hao kusambaa ni pana zaidi. Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, wapo wanaofungulia vyoo vyao vitapike mtaroni. Mtaro huingia mtoni, na kando ya Mto Msimbazi humwagiliwa sehemu ya mchicha wa mjini. Wapo wafugaji wanaochanganya antibiotiki kwenye maji ya vifaranga bila kumwona daktari wa mifugo. Na sisi wenyewe tunameza hovyo. Utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda kwa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI ulithibitisha UTI kwa kuotesha mkojo katika asilimia 35 tu yao. Huenda baadhi ya waliosalia walikwisha kumeza dawa kabla ya kupimwa, lakini idadi hiyo inatosha kututia shaka kuhusu antibiotiki kama sipro inayotolewa kwa kukisia. Katika E. coli waliopatikana, zaidi ya nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Kila dozi isiyo na sababu huua bakteria dhaifu wa utumboni na kuwaachia nafasi walio sugu, nao hutoka chooni kwenda kwa jirani ambaye hajawahi kununua kidonge. Hiyo “UTI sugu” tunayoilalamikia tunaitengeneza pamoja.

Atakayesema vyoo vya umma ndivyo vyenye kosa ana nusu ya ukweli. Choo cha kuchuchumaa hakigusi mwili, na mvuke wake haupandishi bakteria kwenye kibofu. Choo hudhuru kwa mkono unaotoka bila kunawa na kwa kinyesi kinachofika kwenye maji. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kuotesha mkojo huchukua siku mbili tatu, kuna gharama, na zahanati nyingi hazina maabara hiyo; je, mwenye maumivu usiku afanye nini? Atibiwe, bila shaka. Hakuna anayetaka mjamzito au mwenye homa kali asubiri majibu, kwani maambukizi yakipanda kwenye figo huweza kuua. Ila anayerudi mara ya pili na ya tatu na dalili zilezile asipewe tena kidonge cha kubahatisha. Huyo ndiye wa kuoteshwa mkojo, na kwa kuwa walio kama yeye ni wachache kati ya wote wanaougua, gharama yake inabebeka.

Basi tusimalizie kwa kunawa mikono tu, ingawa tunawe, kwa sabuni na maji yanayotiririka. Tusinunue nusu dozi, na muuza dawa akituuliza cheti tusimwone mkorofi. Wafugaji wa kuku wamwite daktari wa mifugo kabla ya kufungua pakiti. Madiwani tuwabane hadi hospitali ya wilaya iwe na maabara ya kuotesha mkojo inayofanya kazi, si jengo lenye kibao. Na katika mkutano ujao wa mtaa, kabla ya masika, tudai ajenda ya vyoo vinavyotapishwa mtaroni: gari la majitaka lipite lini, nani alipie kaya zisizoweza, na anayefungulia choo mvua ikinyesha atozwe faini gani.