Maili ya Bahari Isitupwe

Wapo wenzangu wanaonung'unika kila tufikapo kwenye hesabu za maili ya bahari. Husema, "Nchi yetu hutumia kilomita, ya nini kujitaabisha na kipimo cha wageni?" Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, hata mita ni mgeni, ilitoka Ufaransa. Tena vipimo vyote viwili vilitokana na umbo la dunia. Kutoka Ikweta hata Ncha ya Kaskazini ni digrii 90, na kila digrii ina dakika 60. Dakika moja ndiyo maili moja ya bahari. Mwaka 1929 mkutano wa mataifa huko Monaco uliiweka kuwa mita 1,852 kamili.

Faida yake huonekana juu ya ramani. Tanga iko karibu na digrii 5 na dakika 4 kusini mwa Ikweta. Dar es Salaam, iliyo karibu kusini yake moja kwa moja, iko kwenye digrii 6 na dakika 49. Tofauti ni dakika 105, yaani maili 105. Chombo kiendacho noti 10, ndiyo maili 10 za bahari kwa saa, kitatumia saa kumi na nusu. Nahodha hupima kwa bikari kwenye ukingo wa kando wa ramani, basi.

Pili, kuchanganya vipimo ni hatari. Upepo wa noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Mvuvi akidhani ni kilomita 25, atatweka tanga katika upepo unaokaribia mara mbili ya ule aliojiandaa nao. Vivyo hivyo, mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982 huipa nchi ya pwani haki ya samaki hadi maili 200 za bahari, kama kilomita 370. Azihesabuye kama maili za barabarani atapata kilomita 322, na samaki wa kilomita 48 zilizobaki amewaachia wengine.

Sisemi kilomita ni mbaya. Barabarani na dukani haina mshindani. Lakini kila kipimo kikae mahali pake, na kila tangazo la upepo kwa wavuvi litaje noti na kilomita pamoja. Nasi wanafunzi, ambao wengi wetu tuna baba na wajomba baharini, tujue kugeuza: noti zidisha kwa 1.852. Asiye na kalamu na azidishe kwa mbili, kisha apunguze kidogo.