Tuache kumcheka aliyeibiwa kwa meseji

Ndugu zangu wa Ggaba, kuna tabia inaniudhi. Mtu akiibiwa pesa kwenye simu, sisi vijana ndio wa kwanza kumcheka. "Mama mzima, unampaje mtu PIN?" Basi anayefuata akiibiwa ananyamaza, na tapeli anahamia mlango wa jirani kwa namba ileile.

Ile meseji haikuandikwa kwa ajili ya wajinga. Iliandikwa kwa ajili ya watu wanaosubiri. Na sisi tunasubiri kila siku: intavyu, jibu la ofisi, pesa ya ndugu aliye nje. Simu ikilia, moyo unaruka kabla jicho halijasoma.

Mnaujua mchezo. Meseji inasema umepokea shilingi 350,000. Baada ya dakika mbili jamaa anapiga, sauti ya huruma: nimekosea namba, nirudishie, mtoto yuko hospitali. Pesa hakuna, ni maandishi tu! Usiamini salio la kwenye meseji, liangalie mwenyewe: MTN *165#, Airtel *185#. Na kama kweli imeingia, mwambie aende kwa kampuni yake ya simu irudishwe huko. Wewe usitume kitu.

Wengine wanajiita benki: eti akaunti imefungwa, bonyeza linki. Jina la benki juu ya meseji si ushahidi, linaweza kuigizwa. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. PIN haiombwi na benki wala kampuni ya simu.

Kisha zuia. Kwanza piga picha ya skrini. Halafu fungua meseji, gusa vitone vitatu pale juu, tafuta sehemu ya kuzuia na kuripoti. Lakini kuzuia kunakulinda wewe peke yako, na tapeli ananunua laini nyingine. Picha ukiiweka kwenye grupu, inamlinda mama wa jirani.

Na laini yako iwe kwa jina lako. Tangu Agosti 2019 UCC imeruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au atestesheni. Ukiibiwa kwenye laini ya mtu mwingine, utalalamika kama nani?

Sasa nyinyi wa mashirika. Mnatuambia "kuweni makini". Asante. Lakini meseji zenu nyingine zinatoka namba isiyo na jina, kwa Kiingereza, zikisema njoo kesho na karatasi zako. Asiyesoma Kiingereza ataitofautishaje na ya mwizi? Bandikeni ukutani namba mnazotumia. Andikeni kwa Kiswahili, Kisomali, Kitigrinya, Kinyarwanda. Msitume linki. Hilo halihitaji semina wala soda.

Na sisi, leo jioni, kila mmoja ashike simu ya mzazi au jirani mmoja, amwonyeshe jinsi ya kuangalia salio na kuzuia namba. Bila kucheka.