Bata wa Mwanza na unga wa njano

Nianze na wanaocheka. Najua wapo, maana hata pale chumba cha habari niliposema naandika kuhusu vitamini za bata, mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimeishiwa habari. Siasa ipo tele, wataiandika wengine. Mimi leo nina bata.

Hoja yangu ni hii: watu wengi wa mji huu wanaofuga bata wa kuzalisha wanatupa fedha kwenye vipakiti vya vitamini, na sio kwa sababu ni wajinga. Wanauziwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuku, chenye maelezo ya kuku, wakati mwingine kikiwa na dawa ndani yake, huku vitu vingi ambavyo bata anavihitaji vikimwagwa nyuma ya mashine za kukobolea mpunga au vikilala jalalani.

Hebu tazama bata wa kijijini, Magu au Ukerewe. Nani aliwahi kumpa vitamini? Asubuhi anafunguliwa, anateremka mbugani, anachokonoa tope, anameza konokono, panzi, majani, na jioni anarudi kifua mbele. Akitaga anaatamia, siku 35 baadaye anatoka na msafara wa vifaranga. Sasa mchukue bata huyohuyo umlete Nyakato au Buhongwa. Mfungie kwenye banda la mabati juu ya sakafu ya saruji, mpe pumba za mahindi asubuhi na jioni. Mayai atataga, tena mengi tu. Lakini akishaatamia unakuta nusu ni viza, au kifaranga kimefia ndani kikiwa tayari kina manyoya. Hapo ndipo mama wa watu anakimbilia duka la dawa za mifugo, kijana wa dukani anamwambia, "Mama, hao wamepungukiwa vitamini, weka kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji."

Kijana hajakosea sana. Wamepungukiwa kweli. Tatizo ni jibu lake.

Yai ni kitu cha ajabu ukilifikiria. Mbuzi akiwa na mimba anaendelea kula na mtoto anaendelea kupata. Bata akishataga, basi. Alichokula mama wiki zilizopita ndicho atakachokula mwanawe kwa zaidi ya mwezi mzima gizani, hakuna nyongeza. Bata wetu wengi hapa ni wale wenye nyama nyekundu usoni, wenye asili ya Amerika ya Kusini, na hao ndio wa siku 35. Kuku ni siku 21. Kwa hiyo anayelisha bata kama kuku amemfungia kifaranga safari ndefu kwa chakula cha safari fupi.

Takwimu zipo. Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilitoa mwaka 1994 jedwali la mahitaji ya bata ambalo bado linatumika sehemu nyingi. Bata anayekua tu anahitaji uniti 2,500 za vitamini A katika kila kilo ya chakula. Akianza kuzalisha zinapanda hadi 4,000. Vitamini D inatoka 400 hadi 900. Kalsiamu inaruka kutoka asilimia 0.6 hadi 2.75. Ni kweli takwimu hizo ni za bata weupe wa Pekin, sio hawa wetu, lakini mwelekeo unaonekana: bata wa kuzalisha si bata mkubwa tu, ni mnyama mwenye mahitaji mengine kabisa.

Halafu kuna niasini, moja ya vitamini za kundi B. Hapa ndipo bata na kuku wanapoachana. Jedwali hilo linampa bata miligramu 55 kwa kilo, wakati kuku wa nyama anatakiwa kupata 35 akiwa mdogo na chini ya hapo akikua. Sababu ni kwamba mwili wa bata hauna uwezo mzuri wa kujitengenezea niasini kutokana na protini kama ulivyo wa kuku. Ikipungua, vifaranga wanapinda miguu na kushindwa kutembea. Na pumba za mahindi, ambazo ndizo chakula kikuu cha bata wa mjini, niasini yake imefungamana kiasi kwamba ndege hainufaiki nayo sana. Kwa hiyo unapoona kifaranga cha bata kinatambaa kwa magoti, usikimbilie kusema ni ugonjwa au ni jicho la mtu.

Nafasi inaniruhusu niseme kidogo historia, maana ni tamu. Vitamini zenyewe zilianza kujulikana kwenye banda la kuku. Miaka ya 1890 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, akitafuta chanzo cha ugonjwa wa beriberi. Kuku wake wakaanza kuyumba na kupooza kama wagonjwa. Kumbe walikuwa wakila mabaki ya wali mweupe kutoka jikoni kwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, mtu wa kanuni, akakataa wali wa jeshi kuliwa na kuku wa kiraia. Kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na mpishi sidhani kama alipata chochote. Dawa ilikuwa kwenye ile ngozi ya punje inayotoka mchele unapokobolewa.

Sasa nenda kwenye mashine yoyote ya mpunga Kanda ya Ziwa uone ngozi hiyo inaishia wapi. Pumba laini za mpunga zina vitamini B kwa wingi, niasini ikiwemo. Mashine zetu nyingi ndogo zinazitoa zikiwa zimechanganyika na makapi magumu, kwa hiyo zinahitaji kuchekechwa. Tena hazikai: zina mafuta, na mafuta yakichacha yanaharibu vitamini E, ambayo ndiyo tunayoitaka kwa ajili ya mbegu za dume na uhai wa kiinitete. Zinunuliwe kidogokidogo, ziliwe ndani ya siku chache. Ongeza machicha ya pombe ambayo hayajaota ukungu, yana hamira, na hamira ni ghala la vitamini B. Matembele na majani ya maboga yanaleta kitu ambacho mwili wa bata unakigeuza kuwa vitamini A. Vitamini D iko juani, na jua la Mwanza halina bei. Mfungulie. Maganda ya konokono wa ziwani yakisagwa yanamaliza suala la kalsiamu.

Msinielewe vibaya, sisemi kila cha kienyeji ni salama. Mashudu ya pamba ni rahisi kwetu kwa sababu tuko katikati ya nchi ya pamba, lakini yana gosipoli, na mafuta yake yana vitu vingine vinavyopunguza uwezo wa yai kuanguliwa. Mfugaji anayalisha kwa nia njema ya kuongeza protini, kisha ananunua vitamini kutibu mayai aliyoyaharibu mwenyewe. Karanga na mahindi yenye ukungu ni balaa zaidi. Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza batamzinga zaidi ya 100,000 kwa mashudu ya karanga, na mwaka huohuo hapa jirani, Kenya, maelfu ya vifaranga vya bata walikufa kwa chakula cha aina hiyo. Ndivyo dunia ilivyoijua sumukuvu. Bata ni miongoni mwa viumbe wanaoathirika nayo haraka zaidi. Na sisi binadamu hatuko mbali, waulizeni wa Dodoma na Manyara yaliyowakuta mwaka 2016. Hakuna kipakiti kinachofuta sumukuvu.

Dagaa nawaacha wa mwisho kwa sababu wananitatiza. Kwa lishe ya bata, dagaa wakavu ni kitu bora: protini, kalsiamu, vitamini B, vyote mahali pamoja. Wale wanaoanikwa mchangani wanakuja na mchanga wao, na samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, kwa hiyo wakaushwe vizuri au wachemshwe. Lakini sehemu kubwa ya dagaa wanaotua Kirumba Mwaloni wanaishia kwenye vyakula vya mifugo, katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mnakumbuka kelele za filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, jinsi tulivyobishana kuhusu nani anakula minofu na nani anakula mapanki? Mjadala wa dagaa ni mjukuu wa ule, ila huu hauna filamu. Msimamo wangu: dagaa wazima waende sufuriani, bata apate vumbi na vichwa vilivyobaki chini ya turubai. Vinamtosha.

Turudi kwenye kipakiti. Kinachonikera hasa ni kwamba baadhi ya vinavyoitwa vitamini madukani ni oksitetrasaiklini iliyochanganywa na vitamini. Hiyo ni antibiotiki, ya ukoo mmoja na dawa tunazomeza sisi. Soma kwa makini, imeandikwa, ila kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza. Mfugaji anampa bata mzima, asiyeumwa, kijiko kila siku kwa miezi, akidhani anamlisha. Bakteria wa pale bandani wanapata darasa la bure la kuizoea dawa. Mayai yanayobaki bila kuatamiwa yanaliwa nyumbani, bila kusubiri siku ambazo dawa inatakiwa itoke mwilini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006. Sisi tulikuwa na Mpango Kazi wa Kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa wa mwaka 2017 hadi 2022, karatasi nzuri kabisa, lakini yule mama wa Nyakato hakuisoma na wala haikuandikwa kwa ajili yake.

Hata vile vipakiti visivyo na dawa vinaliwa zaidi na jua kuliko bata. Riboflavini inaharibiwa na mwanga, nayo ndiyo ikipungua kifaranga kinafia ndani ya yai. Unaikoroga asubuhi kwenye beseni, unaiacha nje, bata anaingia miguu yote miwili, anaoga, anamwaga. Saa sita mchana kilichobaki ni maji machafu ya njano. Na anayeona haitoshi akaongeza vijiko vitatu naye anakosea, kwa sababu vitamini A na D hazitoki kwa mkojo kama zile za kundi B. Zinarundikana mwilini, na D ikizidi inaumiza figo.

Wapo wafugaji wakubwa wanaochanganya chakula chao wenyewe, hao primiksi wanaihitaji, ila waitie kwenye chakula kikavu na waulize ina niasini kiasi gani. Kwa wengine wote, na ndio wengi, TMDA ina ofisi ya kanda hapahapa Mwanza na inahusika na dawa za mifugo. Ningependa iamuru kitu kimoja tu kidogo: pakiti yoyote yenye antibiotiki iandikwe neno DAWA kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, upande wa mbele ilipochorwa ile picha ya kuku, na chini yake siku ambazo mayai hayafai kuliwa.