Herufi H na Kalamu Nyekundu

Walimu wengi hulalamika kwamba vijana wanaiharibu lugha kwa ujumbe wa simu. Kwa maoni yangu, lawama hizo aghalabu huelekezwa pasipo pake. Mwalimu hukasirishwa na neno "xaxa", kisha akaliacha "ana", lililoandikwa badala ya "hana", lipite salama. Ilipasa iwe kinyume.

"Xaxa" halimpotezi msomaji. Tahajia ya Kiswahili sanifu haitumii x, kwa hiyo kila aionaye hutambua mara moja kuwa ni s iliyoandikwa kwa mzaha. H ikianguka, mambo ni mengine.

Chukua mfano wa Nyamisati, katika delta ya Rufiji, ambako vyombo huvuka kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Tuseme mtu amwandikia nduguye aliye huko: "Mama atavuka kesho." Alikusudia kusema hatavuka. Yule ndugu ataacha shughuli zake, ashinde gatini akingoja mpaka jua lichwe. Au mtoto aliyebaki kwa bibi yake: "ana homa" au "hana homa"? Katika jambo kama hilo kosa la tahajia si suala la urembo tena.

Hapa lipo jambo la sarufi ambalo mwalimu mwanafunzi hana budi kulishika. Mara nyingi kitenzi kikanushi cha Kiswahili huwa na alama zaidi ya moja. Katika "hataki" irabu ya mwisho imegeuka kuwa i. Katika "hajafika" imo -ja-. Katika "hakufika" imo -ku-. Mtoto akiandika "ataki" au "ajafika" amekosea, lakini msomaji bado atamwelewa. Sivyo ilivyo katika wakati ujao, wala katika "ana" na "una". Humo, kwa nafsi ya pili na ya tatu umoja, h peke yake ndiyo iliyobeba ukanushi wote: atavuka, hatavuka, utalipa, hutalipa, una nauli, huna nauli. Basi makosa mawili ya h yaweza kufanana daftarini, yasiwe na uzito mmoja.

Mchanganyiko wa l na r nao unasumbua, ingawa muktadha huokoa mengi. Ni nadra mtu kudhani amealikwa kwenye kalamu. (Barua ya posa inayouliza habari za "mahali" ni shauri jingine.)

Wala tusiite kosa la h uvivu. Mtoto huandika asikiavyo, na katika mazungumzo ya haraka watu wengi huidondosha h, walimu wakiwamo. Mwalimu asemaye "apana" mbele ya darasa hawezi kuiponya imla yake kwa wino mwekundu. Na aanze yeye kutamka.

Kisha asiupige marufuku ujumbe mfupi, bali aulete darasani. Mwanafunzi mmoja aandike kwenye kikaratasi kwamba mgeni atakuja, au hatakuja. Mwenziwe akisome kimya, na bila kuuliza neno aweke kiti mbele ya darasa au akiondoe. Mwandishi aseme kama ndivyo alivyokusudia. Visipoafikiana, darasa lote litafute herufi iliyopotea. Zoezi hilo halihitaji vifaa ila vikaratasi na kiti kimoja, na lafaa kuanzia Darasa la Tatu.