Lindo la Moyo

Ndugu askari, yeyote aliyewahi kushika lindo la usiku anajua ya kuwa ukimya si usingizi. Mlinzi hasemi, wala hatembei ovyo, lakini masikio yake yote yamo kazini. Akianza kupiga soga, adui hupita. Kwa maoni yangu, mafunzo haya tuyajuayo kazini ndiyo tunayoyakosa katika sala.

Aghalabu sala zetu ni mfululizo wa maagizo. Tunamwambia Mungu atupe cheo, awaponye watoto, atuepushe na risasi. Kisha tunasema Amina na kuondoka. Hakuna kuruta athubutuye kumfanyia mkubwa wake hivyo. Kuomba si kosa, kwani Kristo mwenyewe aliagiza tuombe. Kosa ni kuondoka bila kusikiliza. Nabii Eliya, kule Horebu, hakumkuta Mungu katika kishindo, bali katika sauti ndogo iliyofuata. Na Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi pale Kaisaria, alipokea maagizo akiwa katika sala saa tisa ya mchana, akayatekeleza bila kuchelewa.

Jambo hili lawahusu raia pia. Itazameni Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, si mbali na Mbarara. Makazi hayo yalianza kwa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wakongo wengi husali kwa Kiswahili, lugha ile ile ambayo raia wengi wa Uganda waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970, wakatetemeka. Mtu aliyekimbia wenye bunduki anapofika mbele ya meza ya polisi, haanzi na jambo kuu. Huzunguka, husita, hunyamaza. Askari asiyejua kungoja atamkatiza, ataandika nusu ya habari, na haki itapotea. Aliyezoea kumngoja Mungu ataweza kumngoja mwanadamu.

Wapo watakaosema kwamba askari hana nafasi. Nafasi ipo: dakika 10 kabla ya gwaride la asubuhi zatosha. Keti wima, pumua taratibu, litaje jina la Yesu, kisha nyamaza. Mawazo yatatoroka, yarudishe bila hasira, kama koplo mwema amrudishavyo kuruta mstarini. Watawa wa jangwa la Misri, tangu karne ya 4, walijisaidia kwa kurudia maneno machache tu. Wala usidhani kila wazo lijalo ni sauti ya Mungu: linaloagiza dhuluma halikutoka kwake.

Silaha mikononi mwa mtu mwenye makelele moyoni ni hatari kwa wale aliopewa kuwalinda. Basi na tuushike ukimya kama tushikavyo lindo: macho wazi, kinywa kimefungwa, moyo ukingoja amri.